Buni Ambayo Sikuikaanga

Darmi,

Wewe miguu uliiuza huko Isiolo? Tangu Idi hujakanyaga mlango wangu. Kutoka hapo mjini mpaka Kinna si safari ya kwenda Maka. Malori ya vitunguu ya Rapsu yanapita kila siku, madereva wote wanajua wewe ni mjukuu wa nani, hakuna ambaye angekuacha barabarani. Simu yangu hupokei. Ukipokea unasema, "Akko, niko kazini, nitakupigia," halafu unanyamaza kama mtu aliyezikwa. Mimi nimekulea kwa maziwa ya mbuzi, kijiko kwa kijiko, nimekutafunia nyama kabla hujaota meno, na leo bibi yako anapata habari zako kwa muuza maziwa!

Mama Kendi, huyu anayeniandikia, amesimamisha kalamu. Anasema barua huanza na salamu. Haya. Salaam aleikum. Hasira yangu haijaisha, lakini salamu ni haki yako.

Unamjua Mama Kendi. Ni yule Mmeru wa duka linalotazama msikiti, aliyekuwa akikupa peremende ukimrudishia chupa za soda. Nimemwomba aandike kila neno nitakalosema, asininyooshe, asinitie sukari. Amefunga nusu ya mlango, tumekaa juu ya magunia ya unga, mteja akiingia tunanyamaza. Simu siitaki kwa maneno haya. Unajua masikio yangu. Nikiongea kwa simu naweka sauti kubwa, na watu wa boma zima wanajibu kabla yangu. Barua ataipa dereva wa vitunguu, itakufikia leo kabla ya magharibi.

Kesho alfajiri unapanda basi. Unaenda Kisumu kusomea visima na pampu. Sijui watu wenye ziwa zima mlangoni wanajua nini kuhusu kiu, lakini chuo cha huko ndicho kilichokukubali. Sitakuambia ule nini wala uvae nini. Hayo ulifundishwa, na kama hukuyashika umechelewa. Nataka kukuambia mambo mengine, na mengi si mazuri.

Kwanza, najua kwa nini hukuja. Jilo, yule anayepeleka maziwa ya ngamia mjini, alinikuta kwenye foleni ya maji akanishika mkono mbele ya watu.

"Akko Gumato, hongera! Nimesikia buni ya Darmi imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Si wewe umekaanga? Mjini ndivyo wanavyosema. Hata Darmi mwenyewe nilimpa hongera."

"Akasemaje?"

"Aliniangalia tu kama nimemtukana. Wasichana wa siku hizi wana kiburi, Akko."

Nikaacha mtungi wangu kwenye foleni nikaenda kukaa chini. Nikajua umekaa huko siku zote hizi ukiamini kwamba nimekuoza. Na ninakuelewa. Nilishafanya hivyo kwa mwingine.

Basi sikia kutoka kinywani mwangu: sikuikaanga. Buni iko pale pale, ndani ya mkoba ule ule wa ngozi waliokuja nao waposaji, imefungwa kwa fundo lao. Nimeitundika juu ya kitanda changu, kwa sababu panya hawajui mila.

Wewe uliondoka kwenda shule ya bweni ukiwa mdogo, mambo ya nyumbani ulikuwa unayasikia nusunusu. Wanaume wakija kuposa huleta buni na tumbaku. Watakaa nje waongee mpaka mate yawakauke, watataja koo na mababu, watakubaliana na kupeana mikono. Lakini neno halijakamilika mpaka mama wa nyumba aikaange ile buni kwa samli na watu waile. Ikiliwa, imekwisha, msichana ameshatolewa. Kwa hivyo wanaume husema wao ndio wanaooza, na sisi tunawaacha waseme. Kumbe miaka yote hiyo sufuria ilikuwa mikononi mwetu.

Mjomba wako Halkano alipokea wageni nikiwa kisimani. Niliporudi nilikuta viatu vya wanaume mlangoni na mkoba juu ya mkeka wangu.

"Mama, kaanga," akaniambia, kama mtu anayesema mama, mimina chai.

"Ya nani hii?"

"Ya Darmi."

"Darmi anajua?"

"Baba yake amepigiwa simu Moyale. Amekubali."

Baba yako! Mtu asiyejua kama wewe ni mrefu au mfupi, amekukubalia kwa simu! Nikawatazama wale wageni, nikawaambia samli imeisha. Samli ilikuwepo, Darmi, imejaa chombo, na mke wa mjomba wako alikuwa amekaa karibu nacho. Akavuta tu shuka lake likakifunika. Nami sijapata nafasi ya kumshukuru.

Wageni wakasema si neno, watarudi Ijumaa baada ya swala, nao watakuja na samli yao wenyewe. Ni watu wazuri, hawakasiriki ovyo. Na huyo mwanaume mwenyewe sitakudanganya kwamba ni shetani. Ni mfanyabiashara wa ngamia, ana mke mmoja tayari, anasalimia wazee kwa heshima, meno yake yote yapo. Angekulisha. Nakuambia hivi ili usije siku moja ukasikia kwamba alikuwa mtu mzuri ukadhani nilikuficha. Sikukataa kwa sababu ya ubaya wake. Nilikataa kwa sababu hakuna aliyekuuliza.

Na Halkano usimchukie. Jaribu. Mimi mwenyewe najaribu, na kuna asubuhi naweza na kuna asubuhi siwezi. Ukame ule ulimaliza ng'ombe wake wote. Wewe ulikuwa shuleni, hukuona. Walikuwa wakiwainua asubuhi, yeye ameshika mkia na mkewe ameshika pembe, ng'ombe mmoja baada ya mwingine, mpaka asubuhi ikafika hakuna wa kuinua. Boma liko tupu mpaka leo. Lakini kila jioni bado analifunga mlango kwa miiba. Nimemwona. Analifunga, anasimama kidogo, anaingia ndani. Wageni wamemwahidi ngamia wa maziwa. Mtu anayefunga boma tupu kila jioni ukimwonyesha ngamia, hamwoni tena msichana aliyesimama mbele yake.

Sasa nije kwa mama yako.

Unajua alikufa akikuzaa. Unajua aliolewa akiwa darasa la saba. Hayo hayajafichwa, Kinna yote inayajua. Hujui kuhusu meno.

Buni yetu haikaangwi hivi hivi. Kila tunda huumwa ncha kwanza kwa jino, lipasuke kidogo, ndipo samli iingie na lisikurukie usoni. Sisi tunasema tunaichinja. Ni kazi ya kukaa, ya wanawake, na wasichana wanaipenda kwa sababu wanaruhusiwa kukaa na wakubwa na kusikia umbea. Siku ile mama yako, Lokho, alitoka shule akanikuta na sinia. Akatupa mfuko wa vitabu, akakaa na yunifomu yake, akaanza kuuma bila kuambiwa. Alidhani ni ya binti wa ami yake, msichana mkubwa tuliyekaa naye boma moja.

"Mama," akaniambia, "huyu bwana harusi buni yake ni ngumu. Sijui yeye mwenyewe yukoje!"

Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilijua ni ya nani, Darmi, nikacheka. Aliuma nyingi kuliko mimi, meno yake yalikuwa makali. Nikaikaanga ikanukia mpaka nje. Ikaliwa. Yeye mwenyewe alikula.

Nilimwambia jioni. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Hata zile nilizouma mimi?"

Mama Kendi ameweka kalamu chini. Nimemwambia aishike.

Baada ya hapo mwalimu wake alikuja nyumbani, mwanamke Mkikuyu, kijana, amevaa sweta kwenye jua lile. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, tunasuka mikeka ya harusi.

"Mama Halkano," akasema, "Lokho anapenda sana hesabu. Niachie mpaka amalize la nane tu. Nakuomba."

"Wewe, mwalimu, una mume?"

"Sina."

"Una watoto?"

"Bado."

"Basi kunywa chai. Mambo ya watoto tuachie sisi wenye watoto."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu alikunywa chai ile yote, akashukuru, akaenda zake. Mimi nikajiona shujaa. Maneno yangu yalirudiwa kisimani wiki nzima, watu wakinipiga mkono, "Gumato umemweza!" Hilo ndilo nataka ulikumbuke ukiwa mbali. Kosa linalokuja na aibu utalitambua, litakuuma utaliacha. Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuja na makofi. Ukiona watu wanakupigia makofi kwa kumfunga mtu mdomo, simama ujiulize umemfunga nani.

Mwaka uliofuata, pampu ya kijiji cha baba yako iliharibika. Fundi akaitwa huko mbali alikokuwa, akasema atakuja. Watu wakangoja. Wakachoka kungoja, wakahamisha mifugo kuelekea mtoni, mbali na zahanati, na mama yako akaenda nao na tumbo lake. Huko ndiko ulikozaliwa. Wanawake waliokuwa naye walifanya walichojua, siwalaumu. Damu haikusimama. Nilipofika walikuwa wameshamzika. Wewe ulikuwa umefungwa kwenye shuka, unanyonya kitambaa kilichochovywa maziwa, na mkono mmoja umetoka nje, umekunja ngumi. Baba yako alikaa kando akichora chini kwa fimbo. Na yeye alikuwa mtoto tu, sasa ndiyo naona.

Waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi swala yangu sikosi, na Mungu namwamini kuliko nilivyomwamini mtu yeyote. Lakini Mungu hakukaanga ile buni.

Sikukuchagulia kazi ya pampu kwa sababu ya hadithi hiyo. Uliichagua mwenyewe, kwa sababu ulibeba mitungi mgongoni ukiichukia kila hatua, na siku pampu ilipolala ukawa unachungulia ndani ya kile kibanda mpaka ukafukuzwa. Vizuri. Hiyo chuki yako ni sababu bora kuliko machozi yangu. Ishikilie.

Usidhani baada ya mama yako nilikaa tu. Nilijaribu. Magari meupe ya wafadhili yalipokuja kutufundisha kutengeneza sabuni, nilikuwa wa kwanza. Unakumbuka? Ulikuwa mdogo. Kinna nzima, wanawake wote, sabuni. Tukapewa aproni, tukapigwa picha, tukapewa vyeti vyenye majina yetu. Changu nilikitundika ukutani, na kilikaa kichwa chini mpaka wewe ulipofika darasa la pili ukanigeuzia. Kwanza kila mwanamke alimuuzia jirani yake, na jirani akamuuzia yeye. Baadaye sote tulikuwa wasafi na hakuna mnunuzi. Dawa ya kuchanganya ikaisha. Wenyewe wakaondoka na picha zetu.

Sisemi walitudharau. Walitupenda, walikula chakula chetu, mmoja alilia siku ya kuondoka. Lakini hakuna aliyetuuliza Kinna inakosa nini. Na sisi hatukusema. Tulikuwa tumeshukuru haraka sana, na mtu aliyekwisha kushukuru haulizwi tena. Wewe utasaidiwa huko, utapewa basari, utapewa vitu. Shukuru, lakini polepole. Na watakupiga picha, msichana wa Kiborana na spana mkononi, watapenda sana. Kabla hujacheka kwenye picha, uliza hiyo spana ikitoka hapo inabaki na nani.

Halafu wakaniweka kwenye kamati ya maji. Serikali ilisema lazima kuwe na wanawake, wakatafuta mwanamke mzee asiyeweza kusoma, wakanipata. Kazi yangu ilikuwa chai. Wanaume wanapanga foleni: ngamia wa fulani, ng'ombe wa fulani, mbuzi, halafu mwishoni mitungi ya wanawake. Mimi niko hapo hapo, ninapuliza moto, na mtungi wangu mwenyewe uko mwisho wa foleni hiyo. Nilikuwa na mdomo, unaujua mdomo wangu. Nilinyamaza. Nilifikiri nikinyamaza vizuri wataniheshimu, halafu siku moja wataniuliza. Chai ilisifiwa. Hawakuniuliza mpaka kamati ikavunjwa.

Ukiingia mahali na kiti chako kiko karibu na jiko, kisogeze. Usiombe ruhusa ya kukisogeza.

Na darasa la watu wazima nalo. Lilipofunguliwa kwenye baraza ya zahanati nilienda, nikajifunza kuandika G ya Gumato, nilikuwa naichora hata kwenye majivu. Siku moja Halkano akapita na wenzake. "Mnaona mama? Anataka kuwa chifu!" Alikuwa anatania tu, hakuwa na ubaya. Nikacheka nao, nikakunja daftari, sikurudi tena. Mpaka leo herufi yangu ni hiyo moja. Ningevumilia kicheko chao kidogo tu, leo Mama Kendi asingekuwa anajua siri za nyumba yangu.

(Mama Kendi amecheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka.)

Watakucheka na wewe. Wanaume watakaa kivulini wakuangalie umeingia kwenye mtaro, umejaa grisi, waulizane kama utaolewa na pampu. Watu husema usijali. Huo ni uongo, utajali, moyo wako si jiwe la kusagia. Wewe jali, ulie kama unataka, halafu kesho yake rudi darasani. Mimi nilijali nikabaki nyumbani. Tofauti yangu na mwanamke aliyejua kusoma ilikuwa hiyo tu, wala si akili.

Ukitaka kuolewa, olewa. Sisemi usiolewe. Mimi na babu yako tuligombana mpaka akafa, na bado kuna siku namgeukia nimwambie kitu. Lakini uolewe ukiwa umesimama, unamwona mtu machoni, na kuna kitu mikononi mwako ambacho shemeji hawezi kuja kukichukua baada ya matanga. Babu yako alipokufa ndugu zake walichukua ng'ombe. Nilikuwa najisifu maziwa ni yangu, na kweli yalikuwa yangu, kwetu maziwa ni ya mwanamke. Ng'ombe walipotoka bomani niliwauliza, "Na maziwa yangu?" Mmoja akasema, "Yachukue." Na ng'ombe wanaenda.

Sasa jambo la leo.

Halkano anadhani safari yako ni wiki ijayo. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Kwa hivyo nimekugombeza kwa kutokuja, na sasa nakukataza kuja. Usije kuniaga. Najua ukisoma hapa utataka kurukia gari lolote linaloshuka Kinna. Usithubutu. Hakuna atakayekufunga kamba ukija, sisi si watu wa hivyo. Utachinjiwa mbuzi. Mke wa mjomba wako atakukumbatia alie. Halkano atakuambia kwa upole, "Ngoja Ijumaa tu ipite, kwa heshima ya wageni, halafu tutaona mambo ya chuo." Na wewe utangoja, kwa sababu nimekulea na adabu. Hivyo ndivyo inavyofanywa, mwanangu. Mama yako hakushikwa na mtu mkono. Aliambiwa kwa upole na kila mtu aliyempenda, nikiwemo mimi.

Panda basi.

Ijumaa wageni wakija nitatoka na ule mkoba mikononi mwangu, fundo lao halijaguswa, niuweke kwenye mikono ya mkubwa wao, mchana, watu wakiona. Kwetu hiyo ndiyo hapana. Haina maneno mengi. Siku ya mama yako nilikuwa nayo pia hapana hiyo, ilikuwa mikononi mwangu, lakini nilidhani ni ya wanawake wabaya.

Halkano ameshaonja nia yangu. Juzi alinisimamia mlangoni.

"Buni hii ikirudi, na wewe urudi nayo."

"Nirudi wapi? Mimi nilikuja na wageni?"

"Popote. Kwangu hapana."

Tangu hapo haniiti mama. Ananiita huyu. "Huyu amekula?" Anamwuliza mkewe, mimi niko hapo hapo. Lakini anauliza kama nimekula, umeona? Ndiyo maana nakuambia jaribu kutomchukia.

Kuna kitu amesahau. Kiwanja ni chake, na nyumba ya mabati ni yake. Nyumba yangu ya fito na mikeka niliijenga mwenyewe, na nyumba kwetu ni ya mwanamke aliyeijenga. Kwa hivyo sitatoka tu na kanga yangu kama mtu aliyefukuzwa. Ijumaa jioni nitaifungua, fito kwa fito, mkeka kwa mkeka, niipakie juu ya punda kama tulivyokuwa tukihama zamani. Dada yangu Dokatu ana kipande cha shamba Rapsu, kando ya mfereji, na amesema kuna nafasi nyuma ya vitunguu. Mama Kendi anataka nikae kwake. Nimemkatalia. Ananuka kahawa ya unga na ananiita shosho, kama bibi wa Kimeru.

Usidhani siogopi. Naogopa. Mgongo wangu haujainua mkeka siku nyingi, na nitaifungua nyumba ile watu wakiniangalia, na mwanangu akiniangalia, na labda hatakuja kunishikia fito hata moja. Nilizaa wawili wakaishi. Lokho nilimpoteza kwa kukaanga, na Halkano nampoteza kwa kutokaanga. Nimelifikiria hili siku nyingi nikiwa nimelala chini ya ule mkoba. Sikupata njia ya tatu. Ukiipata wewe huko kwenye vitabu, utaniambia. Lakini usirudi nyumbani kuileta katikati ya masomo. Ukisikia ninaumwa, maliza. Ukisikia nimekufa, maliza. Kaburi halihitaji pampu.

Naona Mama Kendi amechoka, na dereva anapiga honi. Kwa hivyo nikuambie ya siku utakapokuja.

Uje mchana. Shuka Kinna, usipite kama mwizi. Nenda kwanza kwa mjomba wako, na sukari mkononi, umsalimie kwa mikono miwili, hata asipoitika. Mwulize boma likoje. Pembeni ya nyumba yake utaona mviringo wa ardhi ngumu, hauna majani, na mawe matatu ya jiko katikati. Hapo ndipo ulipokulia. Usisimame hapo ulie, watu watafurahi. Toka uende mpaka Rapsu, ufuate mfereji, uulize nyumba ya mikeka ya yule mzee mwenye mdomo. Watakuonyesha hata watoto.

Spana uje nazo, zako mwenyewe, kwa sababu Dokatu anasema pampu ya shamba lake inakohoa. Na upite sokoni Isiolo ununue buni, nzuri, yenye maganda yake. Samli ninayo. Mimi sasa meno yamebaki ya kuonyesha tu, kwa hivyo utakaa na sinia utaiuma yote wewe, moja moja, na kabla hujauma ya kwanza nitakuambia ni ya nini.